Barua pepe ya biashara kwa jina la kikoa

Barua pepe ya biashara kwa jina la kikoa ni anwani ya barua pepe ambayo sehemu yake inayofuata alama ya @ ni jina la biashara yenyewe, si jina la kampuni inayotoa huduma ya barua pepe. Kwa mfano, karakana ya samani ya Keko iliyosajili jina mfano.co.tz inaweza kupokea oda kupitia mauzo@mfano.co.tz badala ya anwani inayoishia na gmail.com au yahoo.com.

Katika maeneo ya pembezoni ya Dar es Salaam, kama Tegeta, Boko na Bunju upande wa Kinondoni, au Tandika, Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, biashara nyingi ndogo huwasiliana na wateja kwa simu na WhatsApp. Barua pepe hutumika pale inapolazimu: kufungua akaunti katika mfumo wa usajili wa BRELA, kuomba zabuni ya serikali kupitia mfumo wa NeST, kutuma ankara kwa kampuni kubwa isiyopokea ankara kwa WhatsApp. Mara nyingi anwani hiyo ilifunguliwa na kijana wa steshenari siku ya kusajili jina la biashara, na ni yeye anayelikumbuka neno la siri, kama bado analikumbuka. Kwa hiyo anwani ya biashara si suala la kuonekana nadhifu tu. Ni suala la nani anashika ufunguo wa mawasiliano ya biashara.

Jinsi inavyofanya kazi

Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili zinazotenganishwa na alama ya @. Alama hiyo ilichaguliwa na mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson mwaka 1971, alipotuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine katika mtandao wa ARPANET. Sehemu ya kushoto humtaja mpokeaji. Ya kulia hutaja mahali anapopatikana. Leo mahali hapo hutajwa kwa jina la kikoa, na majina ya kikoa hutafsiriwa na mfumo uitwao DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983.

Ulinganisho wa karibu kwa msomaji wa Tanzania ni sanduku la posta. Kwa miaka mingi barua nchini zilifuatwa katika S.L.P., hazikuletwa mlangoni, na wasio na sanduku walitumia la shule, la kanisa au msikiti, au la ndugu aliyeajiriwa. Kutumia anwani ya bure ya Gmail kunafanana na kupanga kisanduku katika jengo la mtu mwingine: barua zinafika, lakini anwani ni ya mwenye jengo. Kuwa na jina la kikoa ni kuwa na namba yako mwenyewe.

Tofauti ni kwamba namba ya S.L.P. haihami kutoka posta moja kwenda nyingine, ilhali jina la kikoa linahama. Kinachowezesha hilo ni rekodi ya MX, iliyoingizwa katika DNS mwaka 1986. Mtu aliyeko Mwanza anapoandika kwa mauzo@mfano.co.tz, seva yake huuliza DNS ni seva ipi inayopokea barua za mfano.co.tz, kisha hupeleka ujumbe huko. Mwenye jina akibadilisha rekodi hiyo, barua zinazofuata zitakwenda kwa mtoa huduma mwingine na mteja wa Mwanza hatajua chochote. Anwani haibadiliki, kibao cha dukani hakipakwi rangi upya, kadi za biashara hazichapwi tena.

Historia nchini Tanzania

Kikoa cha taifa, .tz, kilianza kutambuliwa mwaka 1995. Watoa huduma za intaneti wa kwanza walipoanza kuuza huduma Dar es Salaam katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, mteja alipewa anwani yenye jina la mtoa huduma. Kadi za biashara za wakati huo zilijaa anwani zilizoishia na twiga.com, raha.com, cats-net.com au africaonline.co.tz. Anwani ilikuja na laini ya intaneti, kama ufunguo unavyokuja na chumba cha kupanga. Aliyehamia kwa mtoa huduma mwingine aliiacha nyuma na kuanza upya kuwaarifu wateja wake.

Huduma za bure za kimataifa zilitatua tatizo hilo kwa namna fulani. Hotmail ilianza mwaka 1996, Yahoo Mail mwaka 1997, na Gmail ilitangazwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na nafasi ya gigabaiti 1, kiasi kilichoonekana kikubwa mno siku hizo. Katika intaneti kafe za Kariakoo, Mwenge na Temeke, kufungua anwani ya bure lilikuwa jambo la kwanza alilofundishwa mgeni wa kompyuta. Wafanyabiashara wengi wangali wanatumia anwani walizofungua wakati huo, zenye majina ya utani na mwaka wa kuzaliwa.

Mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, walianzisha tzNIC, kampuni isiyo ya faida iliyowekwa kusimamia kikoa cha .tz. Ofisi zake ziliwekwa katika jengo la Millennium Towers, Kijitonyama, ndani ya Kinondoni, na mwaka 2010 ilikabidhiwa rasmi kikoa hicho katika orodha ya dunia inayotunzwa na IANA. Wakati huohuo nyaya za baharini za SEACOM, uliofika mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010 zilianza kupunguza utegemezi wa setilaiti. Kutunza barua katika seva iliyoko nje ya nchi na kuzisoma kwa simu kukawa jambo la kawaida.

Kusajili jina

Chini ya .tz kuna majina ya ngazi ya pili yaliyogawanywa kwa matumizi. Biashara hutumia co.tz, asasi or.tz, vyuo ac.tz, shule sc.tz, serikali go.tz, watu binafsi me.tz, na hoteli zina hotel.tz. Jina husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, wengi wao wakiwa kampuni za Dar es Salaam zinazouza pia huduma ya kuhifadhi tovuti. Ada ya co.tz hulipwa kwa mwaka na kwa kawaida ni makumi ya maelfu ya shilingi. Majina ya .com hupatikana pia, kwa bei inayofuata dola.

Jina zuri ni lile linaloweza kutajwa kwenye simu mara moja likaandikwa bila kosa. Vistari, namba na vifupisho huleta matatizo, vivyo hivyo majina yanayochanganya r na l, kwa kuwa karakana ya mmoja ni kalakana ya mwingine. Biashara ambayo jina lake limeshasajiliwa na mtu mwingine mara nyingi huongeza jina la mtaa au la bidhaa.

Jambo linaloharibu mambo kuliko yote si jina bali mwenye jina. Mara nyingi mwenye duka humlipa kijana anayetengeneza tovuti, na kijana husajili kikoa kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe, wala si kwa nia mbaya; ni kwa sababu fomu inataka majibu na mwenye duka yuko mbali na haraka. Miaka miwili baadaye kijana amepata kazi Dodoma, amebadili namba, na ukumbusho wa kulipia unaenda kwenye anwani asiyoifungua. Kwa mujibu wa kumbukumbu za usajili, jina ni lake. Mwenye duka aliyelipa kila senti hana cha kuonyesha zaidi ya ujumbe wa muamala wa simu.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu za usajili zinatakiwa kubeba jina la biashara kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA, namba ya simu ya mwenyewe, na anwani ya barua pepe anayoifungua. Anwani hiyo ya mawasiliano isiwe ndani ya kikoa kilekile. Kikoa kikiisha muda, barua zake zote husimama, pamoja na ile inayoonya kwamba kimeisha muda. Hapa anwani ya zamani ya Gmail ina kazi yake. Kumbukumbu za wazi za majina, zinazojulikana kama WHOIS, humwezesha mwenye biashara kuhakiki baadhi ya taarifa hizo.

Kuchagua mahali pa kutunza barua

Kusajili jina hakuleti kisanduku cha barua. Jina ni anwani tu, na ni lazima pawe na seva ya kupokea na kutunza. Kuweka seva hiyo ofisini hakumfai mfanyabiashara mdogo: umeme hukatika, laini za kawaida za intaneti hazina anwani ya kudumu, na barua zinazotoka kwenye anwani za namna hiyo hukataliwa na wapokeaji wengi.

Njia inayotumika sana ni kupokea barua pepe pamoja na huduma ya tovuti. Anayelipia nafasi ya tovuti kwa msajili wa hapa nchini kwa kawaida hupata pia visanduku vya barua, anavyovifungua mwenyewe kwenye paneli ya usimamizi kama cPanel. Gharama ni ndogo, malipo hufanyika kwa M-Pesa au benki, na ukipiga simu unajibiwa kwa Kiswahili. Udhaifu wake ni kwamba tovuti nyingi hushiriki seva moja na anwani moja ya mtandao. Mmoja wao akivamiwa na kuanza kutoa barua taka, anwani hiyo huingizwa kwenye orodha za kuzuiwa, na ankara ya jirani asiye na hatia huishia katika kisanduku cha barua taka cha mteja. Nafasi nayo hugawanywa kati ya tovuti na barua; kisanduku kikijaa, barua mpya hurudishwa kwa mtumaji.

Njia ya pili ni kampuni zinazojishughulisha na barua pepe. Google Workspace na Microsoft 365 hutoza kwa kila mtumiaji kwa mwezi, na kwa miaka ya karibuni vifurushi vyao vya chini vimekuwa kati ya dola 6 na 8. Zoho, kampuni yenye asili ya Chennai, India, imekuwa ikitoza takribani dola 1 kwa kifurushi chake cha chini kinacholipiwa kwa mwaka, na imekuwa na kifurushi cha bure cha hadi watumiaji 5 kinachosomwa kwa tovuti au programu yake tu. Biashara yenye wafanyakazi 5 inayolipa dola 7 kwa kila mmoja itatumia dola 420 kwa mwaka, yaani 1,050,000 kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola. Kwa dola 1 ni dola 60, au shilingi 150,000. Kodi na mabadiliko ya dola havijahesabiwa hapo.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa duka la vipuri la Tandika, lakini hesabu yenyewe mara nyingi huanza na kosa, kwa kuwa si kila anwani inahitaji kisanduku chake. Karibu watoa huduma wote huruhusu majina ya ziada: mauzo@, uhasibu@ na info@ vyote huweza kuingia katika kisanduku kimoja cha mwenye duka na kujibiwa kutoka humo. Biashara ya watu 5 ambayo ni wawili tu wanaoandika barua inahitaji visanduku 2.

Njia ya tatu, iliyo rahisi kuliko zote, ni kuelekeza barua. Ujumbe unaotumwa kwa mauzo@mfano.co.tz hupelekwa moja kwa moja kwenye Gmail ya zamani, na huduma kadhaa, zikiwemo za Cloudflare, hufanya hivyo bila malipo. Kupokea hakuna shida. Shida ni kujibu, kwa sababu jibu huondoka na anwani ya Gmail isipokuwa pawe na seva ya kutuma iliyoandaliwa kwa jina la kikoa. Inafaa kwa aliye mwanzoni.

Huduma ya bure haina ahadi ya kudumu. Google ilianza kutoa bila malipo barua pepe za kikoa mwaka 2006, ikafunga mlango kwa wateja wapya Desemba 2012, na mwaka 2022 ikawataka waliobaki kulipia, isipokuwa wale wa matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Waliokuwa na majina yao wenyewe waliweza kuhamia kwingine bila kupoteza anwani.

Malipo kwa kampuni za nje hufanywa kwa kadi ya Visa au Mastercard, pamoja na kadi za mtandaoni zinazounganishwa na mkoba wa simu. Kadi yenye salio pungufu siku ya makato ni chanzo cha kawaida cha akaunti kusimamishwa, hivyo wengine huona nafuu kulipia mwaka mzima kwa mara moja au kununua kupitia wakala wa nchini.

Rekodi za DNS

Baada ya kuchagua mtoa huduma, kazi inayobaki hufanyika katika ukurasa wa DNS wa kikoa, kwa kawaida kwa msajili. Mtoa huduma kwanza hutaka uthibitisho kwamba mwombaji ndiye mwenye jina, kwa kumpa maneno ya kubandika katika rekodi ya aina ya TXT. Visanduku hufunguliwa kabla ya kubadilisha MX. Anayebadilisha MX kwanza huzipeleka barua za wateja mahali ambapo bado hakuna wa kuzipokea. Rekodi za MX za zamani zinafutwa, la sivyo baadhi ya barua zitaendelea kwenda kwenye seva ya awali na kukaa huko bila kusomwa. Mabadiliko huenea kwa muda wa dakika hadi saa kadhaa, ndiyo maana watu wengi huyafanya Jumamosi jioni.

Zipo pia rekodi tatu zinazolinda jina lisitumiwe na wengine. SPF ni mstari unaotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa. Kwa anayetumia Google, mstari huo ni v=spf1 include:_spf.google.com ~all. Kikoa kinatakiwa kuwa na mstari mmoja tu wa SPF. Anayeongeza huduma nyingine huuongeza ndani ya mstari uleule, maana ukiwekwa wa pili vyote viwili hukosa nguvu. DKIM huweka kwenye kila barua sahihi ya kihesabu ambayo mpokeaji huilinganisha na ufunguo ulio wazi katika DNS. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini na barua zisizopita vipimo hivyo: aziache, aziweke kando au azikatae.

Zamani rekodi hizi zilionekana kuwa mambo ya kampuni kubwa. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wanaotuma barua nyingi sana, kwa Gmail zaidi ya 5,000 kwa siku, wawe na zote tatu. Njia rahisi ya kupima ni kutuma barua kwenye Gmail ya rafiki na kufungua sehemu inayoonyesha ujumbe wa asili; kila rekodi iliyowekwa vizuri huandikiwa neno PASS.

Kwenye simu, barua husomwa kwa utaratibu wa IMAP, unaoacha nakala kwenye seva. Utaratibu wa zamani wa POP huzishusha kwenye kompyuta moja na mara nyingi kuzifuta kwenye seva. Kompyuta hiyo ikiibwa, kumbukumbu za miaka zinakwenda nayo.

Ulaghai wa ankara

Hatari kubwa kwa biashara zinazotumiana ankara kwa barua pepe, kama mawakala wa forodha wa Kurasini na wateja wao, ni ujumbe unaosema akaunti ya benki imebadilika. Mlaghai huingia katika kisanduku cha mmoja wao, mara nyingi baada ya kupata neno la siri kwa ukurasa wa kughushi. Halafu anasoma kimya kwa wiki kadhaa na kusubiri ankara kubwa. Huweza kuweka kanuni iliyofichika inayopeleka nakala ya kila barua kwake, na kanuni hiyo huendelea kufanya kazi hata baada ya neno la siri kubadilishwa. Ndiyo sababu baada ya tukio la namna hii ukurasa wa kanuni za kuelekeza barua hukaguliwa pamoja na neno la siri.

Wakati mwingine haingii popote. Husajili jina linalofanana, kwa mfano rnfano.co.tz, ambamo herufi r na n zikikaribiana huonekana kama m kwenye kioo cha simu. SPF, DKIM na DMARC hazizuii hilo, kwa kuwa jina la mlaghai ni halali kwake na huweza kupita vipimo vyote. Kinga iliyobaki ni simu: mlipaji humpigia muuzaji kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua mpya. Uthibitisho wa hatua mbili, unaodai msimbo wa simu pamoja na neno la siri, huzuia sehemu kubwa ya uvamizi wa aina ya kwanza.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu kuingilia mifumo na ulaghai wa aina hii, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Mahakamani huulizwa ujumbe ulitunzwa wapi na nani aliweza kuufikia, na biashara yenye visanduku vyake hujibu kwa urahisi zaidi kuliko ile ambayo anwani yake iko kwenye simu ya karani. Barua hizo pia huwa na majina, namba za simu na nakala za vitambulisho vya wateja, ambavyo tangu Mei 2023 viko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mfanyakazi anapoondoka

Faida ya kikoa huonekana zaidi siku ya kuagana. Karani wa mauzo aliyetumia Gmail yake huondoka na mazungumzo yote, pamoja na mteja wa Bunju aliyeagiza madirisha 40 na kulipa nusu. Aliyetumia mauzo@mfano.co.tz huacha kila kitu mahali pake. Mwenye biashara hubadilisha neno la siri, huondoa akaunti kwenye simu ya aliyeondoka, na kuelekeza anwani kwa anayemrithi. Kama anwani ilikuwa na jina la mtu, haifutwi mara moja. Huachwa ikielekezwa kwa miezi kadhaa, kwa kuwa wateja wa zamani huandika wakati wasiotarajiwa, na mifumo ya zabuni na ya benki huendelea kupeleka misimbo kwenye anwani iliyoandikishwa mwanzo hadi mtu aende kuibadilisha.